Wanapakua aplikesheni ya mitihani lakini hawalipii. Shida ni bei, au ni njia ya kulipa?

Mwl_Kihonda

Habari za jioni wadau. Mimi ni mwalimu wa Hisabati, niko Kihonda, Morogoro. Pamoja na mwenzangu anayejua kuandika programu tumetengeneza aplikesheni ya mitihani iliyopita ya Hisabati kidato cha nne. Kila swali limefanywa hatua kwa hatua, penye mchoro mchoro umechorwa, na penye njia mbili za kufikia jibu zote mbili zipo. Majibu nimeyaandika mwenyewe usiku baada ya kusahihisha madaftari. Naamini kazi ni safi.

Tumeiweka Play Store. Kupakua ni bure, mitihani ya miaka miwili iko wazi, iliyobaki inafunguka kwa shilingi 5,000 kwa mwezi. Wanaopakua ni wengi, wazazi wanapiga simu kushukuru, wanafunzi wanatuma ujumbe kuuliza lini tutaweka Fizikia. Wanaolipa ndio hawaonekani. Wachache ninaowafahamu ama walilipiwa na ndugu aliye ughaibuni, ama ni wafanyakazi wenye kadi ya benki.

Mwenzangu ameshakata tamaa. Anasema Mtanzania halipii aplikesheni, tuifanye bure tuweke matangazo. Mimi sitaki, kwa sababu matangazo mengi yanayokuja ni ya kubeti na hii ni ya watoto wa shule. Na maneno yake siyaamini sana. Watu hawahawa wananunua bando kila siku, wanalipia king'amuzi, na wanafunzi wangu wananunua daimondi za gemu ya Free Fire. Kwa nini kwetu washindwe? Naomba hasa wale mnaokaa na wateja wa simu mnieleze mnachokiona.

Mzee_wa_Nzega

Mwalimu, 5,000 kwa mwezi ni nyingi. Mitihani yenyewe imezagaa mitandaoni bure, na vitabu vya kiada viko kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu (TET) bila senti tano. Weka 500 uone.

Mama_Kirumba

Shikamoo mzee wangu wa Nzega. Bei naomba niiache kwanza, nitairudia.

Mwalimu, nina kibanda cha simu Kirumba hapa Mwanza, karibu na Mwaloni. Ni wakala wa mitandao yote, nauza chaji na kava, na anayenunua simu mpya namwekea aplikesheni anazozitaka. Wateja wangu wengi ni kina mama wa dagaa, bodaboda, wapakiaji wa mizigo na watoto wao. Nakuhakikishia watu wanalipa, nawaona wakilipa tangu nafungua mpaka nafunga. Ila aplikesheni yako inawataka walipe kwa namna ambayo hawalipii kitu kingine chochote.

Anza na akaunti. Mtu akinunua itel au Tecno yake ya kwanza, akaunti ya Google tunamfungulia sisi wauzaji. Neno la siri tunaliandika ubavuni mwa boksi la simu. Boksi linakwenda nyumbani, watoto wanalichezea, limepotea. Simu ikiibiwa au kioo kikivunjika anakuja na nyingine, tunamfungulia akaunti nyingine, na kila alichokinunua kwenye ile ya zamani kimebaki huko. Yeye hata hajui kwamba kipo. Lakini namba ya simu hajabadilisha. Laini kaisajili kwa alama za vidole ule mwaka wa 2019 kuingia 2020, kitambulisho cha NIDA mkononi, na ikipotea anarudishiwa namba ileile. Huku mtu ni namba yake. Wewe ununuzi umeufunga kwenye imeili, maana yake umeufunga kwenye kitu ambacho mteja hajui kama anacho.

Halafu pesa. Pesa yake iko M-Pesa, Airtel Money, Mixx ya Yas au Halopesa, na mara nyingi laini ya pesa siyo laini ya bando. Kadi ya benki hana. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa Visa ipo, na wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT wanaopita hapa kwenda Malimbe wanaitengeneza wenyewe kwenye menyu, wanalipia vitu vyao vya nje. Lakini mama wa dagaa ukimwambia aweke pesa kwenye kadi halafu mwezi ujao ikatwe yenyewe, umempoteza hapohapo. Huyu mtu alishakatwa salio na huduma za ujumbe mfupi ambazo hakumbuki kujiunga nazo. Alikuwa anaweka vocha ya 500, kabla hajapiga simu imebaki 350. Alikuja kwangu akilalamika, nikakaa naye kujitoa moja baada ya nyingine. Tangu hapo kitu chochote kinachosema "itajirudia" anakikimbia, hata kingekuwa cha shilingi 50.

Angalia bando linavyouzwa. Unalipa leo, unatumia leo, likiisha limeisha, hakuna anayekudai. Ukipata pesa tena unarudi. Watu wa mitandao ya simu wamewasoma wateja wao vizuri, na hawakuanza na kifurushi cha mwaka.

Hapa kwetu kuna na jambo la mwezi, mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa kwa taa, kwa hiyo siku za giza ndizo siku za pesa. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inapaki, na kibanda changu kinapoa: wanaotoa pesa wanapungua, bando la wiki linageuka la siku, la siku linageuka la saa. Mteja wa namna hii hana kipato cha tarehe 30. Ukimkata kila baada ya siku 30 unaweza kumkuta katikati ya mbalamwezi, hana kitu, na aplikesheni yako imeshajifunga wakati mtoto ana mtihani Jumatatu.

Sasa njoo uwaone vijana wa Free Fire uliowataja. Kijana anakuja na 3,000 mkononi. Jirani yangu kuna mwenzao mmoja mwenye kadi. Anamtajia namba yake ya mchezaji, mwenye kadi anaiandika, wanainama wote wawili kwenye kioo kuangalia jina lililotokea kama ndilo lenyewe, ndipo pesa inatoka. Kijana haondoki mpaka afungue gemu aone daimondi zimeingia. Mwenye kadi ameweka faida yake juu, na kijana anajua. Angeweza kutengeneza kadi yake ya mtandaoni akanunua kwa bei ndogo zaidi, hafanyi. Ananunua daimondi pamoja na mtu wa kumuuliza zisipoingia.

Hilo la mtu wa kumuuliza nakuomba ulishike, kwa sababu watu wameumizwa sana. Kila mmoja ameshapata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kisha zikaja aplikesheni za mikopo ya haraka, unapakua, inasoma majina yote kwenye simu yako, ukichelewa siku moja wanawatumia ujumbe shemeji zako na mchungaji wako. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 za mikopo zisizo na leseni, lakini aibu ilikuwa imeshawapata watu. Nina mama mmoja hapa, mfanyabiashara mzima, dagaa wake wanafika Kongo, akiona aplikesheni inaomba ruhusa yoyote ananipa simu niifute mbele yake. Mtu huyohuyo nikimpa namba ya lipa, anabonyeza menyu, anasogeza kioo karibu na macho, anasoma jina la biashara lililotokea kwa sauti, ananiangalia, nikiitikia ndiyo anafunika simu kwa ncha ya kanga na kuweka namba ya siri. Alimlipia mwanawe vitabu vya 40,000 kwa namna hiyo bila kusita.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningeuza kwa wiki au mpaka mtihani, kitu kinachokwisha chenyewe. Ningekifunga kwenye namba ya simu. Na ningewapa wenye stesheneri na vibanda kama changu wauze, wewe utupe kamisheni yetu. Mzazi akinilipa mimi akaona mtihani umefunguka hapa kaunta, kesho anamleta jirani.

Kuhusu bei, mzee wangu: 500 haitamsaidia mwalimu kama kulipa kwenyewe kunahitaji kadi. Mtu asiye na mlango wa kuingilia hata ukimwambia ndani ni bure hataingia.

Koda_Mabibo

Mama Kirumba ameongea vitu ambavyo sisi tunaokaa na kompyuta hatuvioni. Naongeza upande wa kanuni, mwalimu, usije ukafungiwa akaunti.

Aplikesheni iliyowahi kutolewa bure Play Store huwezi baadaye kuigeuza ya kulipia kupakua. Kinyume chake inawezekana. Kwa hiyo kupakua kutabaki bure, na ni sawa.

Kikubwa zaidi ni hiki. Maudhui ya kidijitali yanayouzwa ndani ya aplikesheni, na majibu yako ni hayo, Google wanataka yalipiwe kwa mfumo wao. Ukiweka namba ya lipa ndani ya aplikesheni, au kitufe kinacholeta ombi la kuweka namba ya siri ya M-Pesa, unavunja kanuni na inaweza kuondolewa. Vitu vya kushikika kama daftari au kitabu cha karatasi haviingii humo, ndiyo maana aplikesheni za chakula na usafiri zinapokea pesa ya simu bila shida. Lakini kanuni hizohizo zinaruhusu aplikesheni ambayo mtu anaingia na kusoma alichokwisha kukinunua kwingine, mradi ndani yake usimwelekeze huko kununua. Kwa mpango wa Mama: mzazi analipa kibandani au kwenye tovuti yako, namba yake inafunguliwa, mtoto anaingia kwa namba na msimbo unaotumwa kwa ujumbe mfupi. Ndani ya aplikesheni usiandike neno "nunua" wala bei.

Kwenye tovuti utahitaji kampuni ya kuunganisha malipo. Zipo za hapahapa, Selcom, AzamPay, ClickPesa na nyingine. Jiandae kuwa na namba ya mlipa kodi (TIN) na jina la biashara lililosajiliwa kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, na jina hilo liwe linalotambulika, kwa sababu ndilo mzazi atakalolisoma kwenye kioo. Ukilisajili kwa jina la mwenzako na aplikesheni ina jina jingine, mzazi ataghairi.

Ule mfumo wa Google usiuondoe. Waache wenye kadi na walio ughaibuni waendelee nao. Makato yao kwa malipo ya kujirudia ni asilimia 15, unabaki na kitu.

Kuna watakaokushauri usambaze faili la APK, lile la kusakinisha aplikesheni bila Play Store, kwa WhatsApp au Xender ukwepe yote haya. Kurushiana kunaokoa MB za watu, ni kweli, na mimi nimewahi kusambaza kazi zangu hivyo. Ila simu inatoa onyo kwamba chanzo hakijulikani, na baada ya yale ya mikopo onyo hilo linatisha. Pia ukirekebisha jibu lililokosewa, nakala iliyorushwa haitapata marekebisho.

Wanjala_Nakuru

Sasa mwalimu, nakusalimu kutoka Nakuru. Nataka kuongeza kidogo kwa sababu huku kwetu Play Store inapokubali M-Pesa, mtu angedhani shida imekwisha. Haijakwisha. Mimi ni mzazi, nina kijana wa kidato cha nne, na karatasi za marudio za KCSE, mtihani wetu wa kumaliza kidato cha nne, nanunua kwa mwalimu mmoja kupitia WhatsApp. Namlipa kwa till, namba ya biashara ya M-Pesa, ananitumia PDF, kijana akikwama namuuliza mwalimu na ananijibu kwa sauti. Sijawahi kununua aplikesheni ya masomo hata moja na njia ninayo kwenye simu.

Kilichonifanya nilipe mara ya kwanza ni kwamba alinitumia swali moja gumu likiwa limefanywa lote, bila kuficha kitu. Kijana alilisoma akasema, "Baba, huyu anaelezea." Basi. Mitihani yako ya miaka miwili iliyo wazi ni mingi na mzazi hataifungua. Mpe swali moja analoweza kulipeleka kwenye kundi la wazazi likiwa picha, na chini yake jina lako wewe mwalimu na shule unayofundisha, kama shule inaruhusu.

Mwl_Kihonda

Nawashukuru sana, nimesoma kila mstari. Hilo la akaunti kubaki kwenye boksi la simu limenieleza malalamiko niliyokuwa nayapata ya watu kuniambia "nililipa lakini imejifunga". Walikuwa wamebadilisha simu. Koda, nitaongea na mwenzangu kuhusu kuingia kwa namba.

Mama Kirumba, nina maswali mawili. La kwanza, wanafunzi wa bweni hawaruhusiwi simu shuleni, kwa hiyo nauza kwa nani hasa, na miezi gani? La pili, nikikupa uuze, bei ya wiki iwe kiasi gani na yako iwe ngapi? Nisingependa kumlemea mzazi.

Mama_Kirumba

Mwalimu, mtoto wa bweni mwache mpaka likizo, Juni na Desemba. Huyo atasoma kwa simu ya mama yake jioni, mama akishamaliza kupigiwa na wateja. Wa shule za kutwa anasoma mwaka mzima, naye ni kwa simu ya kuazima, kwa hiyo hakikisha akishafungua mtihani mara moja unabaki humo hata bando likiisha. Hilo usilidharau. Mzazi atanunua majibu, halafu hatanunua bando la kuyasoma kila siku.

Ila kuna mteja ambaye hujamtaja na mimi ninaye kila siku: anayerudia mtihani. Hisabati ndiyo inayoangusha wengi, wewe unajua kuliko mimi. Hapa Kirumba nina bodaboda, nina dada wa saluni, nina askari wa kampuni ya ulinzi wa lindo la usiku, wote wamejisajili watahiniwa wa kujitegemea. Wana simu zao, wana pesa yao ya kila siku, hawana mwalimu, na wanaona haya kukaa darasani na watoto. Yule mlinzi anakuja kwangu saa moja asubuhi akitoka lindoni, na swali lake kwangu mara mbili limekuwa kama nina sehemu ya kuchapa majibu ya mitihani. Hao ndio wako, na mtihani wao ni huohuo wa Novemba. Andika matangazo yako ukiwafikiria wao, maana sasa hivi picha uliyoweka Play Store nimeiona, ni ya watoto wenye sare. Mtu wa miaka 27 akiiona anapita.

Bei weka 1,000 kwa wiki, na weka nyingine moja ya "mpaka mtihani", iwe 7,000 au 8,000. Usiongeze ya tatu, watu wakiona orodha ndefu wanasema nitarudi. Kwangu 200 kwenye kila elfu inanitosha, ni nzuri kuliko ninayopata kwenye miamala mingi. Uniwekee sehemu ya kuingiza namba ya mteja mwenyewe nikaifungua palepale, na ujumbe umfikie yeye moja kwa moja, uandikwe kwa Kiswahili, useme umefunguliwa mpaka tarehe fulani na hautakatwa tena. Maneno hayo ya "hautakatwa tena" yaandike hivyohivyo.

Jambo la makato uliangalie mapema na hao watu wa malipo. Ile Julai 2021 tozo ya miamala ilipoanza, ya shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala, hapa kaunta swali la kwanza la kila mtu lilikuwa "makato shilingi ngapi?" Septemba ikapunguzwa asilimia 30, miaka iliyofuata ikapunguzwa tena, lakini swali limebaki midomoni. Kama ni 1,000 iwe 1,000 kamili. Mtu akilipa 1,000 akakuta imetoka 1,060 atanidai mimi ile 60, na nitamrudishia.

Mwenye stesheneri wa hapa jirani ndiye anayewasaidia watahiniwa kujisajili na kulipia ada mwanzoni mwa mwaka. Nimeshamweleza leo mchana, yuko tayari. Nitumie stika mbili tubandike, kwake na kwangu, na namba yako ya kuuliza iwe kubwa kuliko picha.